Tusiwaanzishe vijana wetu mlimani

JUMAMOSI iliyopita nilikaa karibu saa mbili ndani ya banda moja la gemu hapa Nesitu, nyuma ya maduka yanayotazama barabara kuu, mahali malori yatokayo Nimule yanapopumzika kabla ya kuingia Juba. Sikwenda kucheza. Nilikwenda kumtafuta mwanafunzi wangu wa darasa la saba ambaye hakuonekana shuleni kwa siku tatu. Nilimkuta amekaa benchi la mbele, padi ya PlayStation mkononi, jasho likimtoka kama mtu anayepakua magunia.

Alikuwa anajifunza kile ambacho vijana wanakiita kudrifti, yaani kulifanya gari liserereke ubavu kwenye kona kwa makusudi, huku dereva akiendelea kulimiliki. Mchezo wenyewe ulikuwa Gran Turismo 4, uliotoka Japani mwaka 2004 na ambao banda hilo linautumia hadi leo. Kijana alikuwa amechagua njia ndefu ya Nürburgring ya Ujerumani na gari lenye nguvu kuliko mengine yote yaliyokuwamo. Kila kona aligonga. Robo saa yake ilikwisha bila kulisereresha gari hata mara moja likamtii, na aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akampokonya padi. Akanigeukia akasema, "Mwalimu, mimi sina mkono wa gari."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Kijana yule hana kasoro ya mkono. Alichokosea ni njia aliyoichagua kuanzia, na hakuwapo mtu wa kumwambia.

Najua wapo wazee wenzangu wanaotaka mabanda haya yafungwe. Wanasema yanakula fedha za watoto na muda wa shule. Sibishani nao juu ya muda wa shule, maana mimi mwenyewe nilikuwa pale nikimsaka mtoro. Lakini kufunga banda hakumfundishi kijana kitu, na kijana anayetoka bandani leo ndiye atakayepanda bodaboda kesho kwenye barabara hii hii. Nimewahi kumtembelea mwanafunzi wangu mwingine akiwa amelala na mguu uliovunjika, baada ya kupewa pikipiki ya mjomba wake na kufundishwa kuiendesha siku hiyo hiyo juu ya lami, katikati ya malori. Kwa hiyo suala la mahali pa kuanzia si la mchezo peke yake.

Tuanze na gemu lenyewe. Gari haliserereki kwa miujiza. Linapokaribia kona dereva huachia mafuta au hugusa breki, uzito ukahamia magurudumu ya mbele, ya nyuma yakawa mepesi na kupoteza mshiko. Hapo mkia wa gari hutoka nje. Dereva hugeuza usukani kuelekea upande ule mkia unakokimbilia, kisha hulishikilia gari kwa mafuta, kidogo kidogo, si kwa pupa. Ni mambo matatu au manne yanayotakiwa kufanyika ndani ya nukta chache. Mtu hujifunza jambo la namna hiyo kwa kulirudia mara nyingi mahali pale pale, mpaka vidole vikumbuke kabla ya akili.

Sasa msomaji tupige hesabu pamoja. Njia ile ya Nürburgring ina urefu wa kilomita 20.8 na kona zaidi ya 70. Ni nyembamba, imezungushiwa vyuma pembeni, inapanda na kushuka. Anayeanza, tena anayegonga kila mahali, atatumia dakika kumi au zaidi kuimaliza. Maana yake ni kwamba kwa robo saa aliyoilipia, kila kona ataiona mara moja, labda mara mbili. Akikosea kona ya tatu, hatapata nafasi ya kujisahihisha hadi amekwisha kuisahau.

Katika mchezo huo huo kuna njia ya Tsukuba, ambayo ni mfano wa sakiti ya kweli iliyoko mkoa wa Ibaraki nchini Japani. Urefu wake ni kilomita mbili na kidogo. Ni tambarare, na ina kona zinazopinda kama pini ya nywele, ambazo huchukuliwa kwa mwendo mdogo. Mzunguko mmoja ni dakika moja na nukta kadhaa. Kwa robo saa ile ile kijana ataipitia kona moja zaidi ya mara kumi. Akikosa, pembeni kuna majani na mchanga. Gari litazunguka, litasimama, na yeye atarudi njiani.

Hiki ndicho kipimo changu cha njia ya anayeanza: iwe fupi ili kosa na masahihisho yake yakaribiane, iwe tambarare ili mteremko usimwongezee uzito wa mbele asioujua, iwe pana na yenye nafasi ya kukosea, na iwe na kona moja ya polepole atakayoifanya mwalimu wake. Njia za mjini zenye kuta pande zote azisahau kwa sasa. Na gari liwe linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, lenye nguvu ya wastani. Vijana wetu wanalijua Toyota Mark II, hilo linafaa. Probox, pamoja na sifa zake zote za kubeba mizigo ya wafanyabiashara wa mpakani, huvutwa na magurudumu ya mbele, na mkia wake hauko tayari kucheza ngoma hiyo.

Waliotengeneza mchezo walilijua jambo hili. Gran Turismo 4 ina njia ambayo jina lake kabisa ni njia ya wanaoanza. Tena mchezo huanza kwa mitihani ya leseni, na mtihani wa kwanza kabisa humtaka mchezaji aondoke na kusimama mahali palipowekewa alama, basi. Lakini bandani hakuna anayeufanya. Mwenye banda ana kadi ya kumbukumbu ambayo leseni zote zimekwisha kupatikana na magari yote yako gerejini. Mtoto anayeshika padi kwa mara ya kwanza maishani anakabidhiwa leseni ya bingwa. Nilipomwuliza mwenye banda, alicheka akasema wateja hawataki kuchelewa. Nikakumbuka kwamba hata huku nje tunawajua watu wenye leseni mfukoni ambao hawakuwahi kufanya mtihani wowote.

Kijana mmoja pale bandani alinipinga kwa heshima. Alisema, "Lakini Mwalimu, mabingwa wenyewe walianzia milimani." Ana hoja. Keiichi Tsuchiya, Mjapani aliyeufanya mtindo huu ujulikane duniani, alijinoa kwenye barabara za milimani za nchi yake. Lakini hadithi haiishii hapo. Mashindano ya kudrifti yalipokomaa, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wajapani waliyaingiza ndani ya sakiti, ambako hakuna gari linalokuja mbele yako wala mama anayevuka na mtoto mgongoni. Na kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, Joginder Singh, aliyeshinda mbio za Safari mwaka 1965, 1974 na 1976, alianza na spana katika gereji ya baba yake jijini Nairobi. Alilijua gari kwa mikono kabla ya kulirusha kwenye matope. Tunapenda kuwataja mabingwa kwa siku waliyoshinda, tukazisahau siku walizokuwa wanafunzi.

Mimi nilisomea ukimbizini, katika kambi ya Kakuma kule Turkana. Baiskeli nilijifunzia kwenye mkondo wa mto Tarach, ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Kaka mmoja aliyekuwa na baiskeli ya kukodisha alikataa kabisa kutuacha tuanzie barabarani. Alituteremsha mchangani, akaweka madumu mawili matupu, akatwambia tuyazunguke. Mchanga ulikuwa mzito, tulisukuma kwa shida, na tulianguka mchana kutwa. Lakini aliyeanguka aliinuka, akajikung'uta, akarudia. Baada ya siku kadhaa tulipandishwa barabarani, na barabara ikaonekana nyepesi. Nimefundisha kwa miaka mingi sasa, na bado sijapata somo la ualimu lililonifaa kuliko yale madumu mawili.

Wenzangu mliorejea mtanielewa. Wangapi kati yetu tuliporudi tuliwekwa mlimani siku ya kwanza? Mtoto aliyesoma kwa Kiingereza na Kiswahili aliketishwa kwenye darasa la Kiarabu, akaambiwa ni mjinga. Mtu mzima aliulizwa kwa lugha asiyoijua, akanyamaza, wakasema ana kiburi. Wengine wakakata tamaa wakasema kama kijana wangu, "mimi sina mkono." Mkono walikuwa nao, ila hawakupewa mahali pa kuangukia.

Sasa tuitazame barabara yetu. Lami ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, ilikamilika mwaka 2012 kwa msaada wa Wamarekani. Imetuletea unga, mafuta, saruji na ndugu zetu. Pia imetuletea mwendo ambao hatukuuzoea. Septemba 2014 basi lililotoka Kampala liligongana na lori kwenye barabara hii, na watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Wafanyabiashara mnaoipita kila juma mnajua mengine madogo madogo yasiyofika magazetini.

Mnajua pia kwamba hapa kwetu tunaendesha upande wa kulia, na ukivuka Nimule kuingia Elegu unahamia kushoto. Gari lenye usukani wa kulia linapotaka kulipita lori upande wetu, dereva haoni kinachokuja mpaka amekwisha kujitokeza. Hilo gemu halimfundishi mtu. Kwenye sakiti magari yote yanaelekea upande mmoja. Kwa hiyo kijana asije akadhani kwamba akiiweza kona ya Tsukuba ameiweza barabara ya Nimule. Kuserereka ni kwa kwenye kioo, au kwenye uwanja uliofungwa chini ya wanaojua. Juu ya lami ya watu wote ni kuua. Anachoweza kukitoa bandani akaja nacho barabarani ni tabia moja tu: ya kuanza na kilicho chepesi, kukirudia, na kutopanda ngazi ya pili kabla ya kuimaliza ya kwanza.

Ninayo maombi matatu. La kwanza ni kwa wenye mabanda. Wekeni kadi moja ya kumbukumbu iliyo tupu kwa ajili ya wageni wa mchezo, na anayeanza mpeni robo saa ya kwanza kwa bei ya chini akikubali kuanzia kwenye njia fupi. Hamtapata hasara. Anayeona maendeleo hurudi. Anayegonga tu huenda zake. Na saa za shule mlango ufungwe.

La pili ni kwa wazazi na walimu wenzangu. Tuingie humo ndani. Tukae kwenye benchi dakika kumi tuone watoto wanajifunza nini na kwa utaratibu gani. Mtoto hataki tujue majina ya magari. Anataka mtu wa kumwambia, rudia kona hiyo hiyo tena.

La tatu ni kwa wazee wa hapa, waendesha bodaboda na wafanyabiashara ambao bidhaa zao hubebwa na vijana hawa. Tutenge uwanja wa kujifunzia pikipiki mbali na lami. Najua si kila uwanja mpana katika nchi yetu ni salama, maana vita vilituachia mabomu ya ardhini, kwa hiyo tuchague ardhi iliyokwisha kusafishwa na inayotumika kila siku. Hatuhitaji wafadhili. Tunahitaji madumu matupu, ambayo Nesitu hayajawahi kukosekana, na mtu mmoja mwenye subira. Kijana azunguke madumu kwa juma zima, aanguke vumbini, asimame, ajifunze breki. Ndipo apandishwe barabarani, tena asubuhi wakati malori ni machache, na asibebe mtu wala gunia mpaka azoee.

Watu wa pwani husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Vijana wetu hawakatai kuinama. Sisi ndio tunaowaonyesha kilele na kuwaficha ngazi.

Jumamosi ile nilimlipia kijana wangu robo saa nyingine. Nikamwambia achague Tsukuba na gari dogo, asijali saa wala nafasi, aitazame kona moja tu. Mizunguko mitano ya kwanza alizunguka kama pia. Wa sita mkia ulitoka, akaushika kwa nukta mbili hivi, ukamponyoka. Wa nane aliushika mpaka mwisho wa kona. Hakusema neno. Alisogea mbele kidogo kwenye benchi, akaingia mzunguko wa tisa.

Jumatatu alikuja shuleni. Sisemi kwamba ni kwa sababu ya gemu. Nasema tu kwamba hakurudia tena kuniambia hana mkono, na nilipompa hesabu za sehemu zilizomshinda mwezi uliopita, aliniomba mwenyewe nimwanzishie na zile za darasa la tano.