Kesi Isiyo na Kalenda

Wako watu wasemao kwamba haki haipimwi kwa saa. Usemi huo nimeusikia mara nyingi hapa Migori, na kila mara umetoka katika kinywa cha mtu ambaye hajapata kuitwa kortini kuwa shahidi. Yule aliyekwisha kuitwa husema mengine.

Septemba mwaka 2018 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo, katika Migori, aliuawa, na maiti yake ikaonekana katika msitu wa Kodera, upande wa Homa Bay. Aliyekuwa gavana wa Migori wakati huo alishtakiwa pamoja na wengine wawili, wote wakakana. Hatia yao, au kutokuwa na hatia kwao, si kazi yangu. Neno langu ni juu ya kalenda. Mwaka 2023 kesi hiyo ilikuwa ingali ikisikizwa Nairobi, mwendo wa basi la usiku kutoka kwetu.

Sasa itazameni kesi nyingine. Tarehe 24 Januari 1941 Lord Erroll alipigwa risasi karibu na Nairobi. Mzungu mwenzake, Sir Jock Delves Broughton, alisimamishwa mwezi wa Mei mbele ya juri ya watu kumi na wawili, na tarehe 1 Julai akaachiliwa. Tangu risasi hata hukumu, nusu mwaka haikutimia. Je, majaji wa siku zile walikuwa na akili kupita wa leo? Hata kidogo. Juri ni watu wenye shughuli zao: mkulima, karani, mwenye duka. Hamwezi kuwasikizisha shahidi mmoja leo, na wa pili baada ya miezi minne. Watakuwa wamekwisha kumsahau wa kwanza. Kwa hiyo kesi yao, ikianza, huendelea siku kwa siku. Uingereza, hata leo, kesi ikiwa ndefu watu huarifiwa muda wake kabla ya kuchaguliwa, ili asiyeweza kukaa aseme mapema. Na korti haiwezi kuwaarifu isipokuwa imekwisha kuhesabu.

Juri ya Kenya ilikuwa ya Wazungu tu. Mwafrika alihukumiwa na jaji pamoja na wazee washauri, ambao jaji hakulazimika kufuata shauri lao. Nao waliondolewa katika sheria mwaka 2007. Siombi juri ile ya rangi irudi. Nadai hesabu yake.

Nayo si hesabu ngumu. Jirani aliyesikia kelele atachukua saa moja. Daktari aliyepasua maiti, nusu siku. Mtaalamu wa simu, labda siku nzima. Shahidi asemaye Kijaluo kwa mkalimani, mzidishieni mara mbili, kwa kuwa kila neno litasemwa mara mbili. Washtakiwa wakiwa watatu, wenye mawakili watatu, kila mmoja atauliza yake. Ongezeni siku mbili za maradhi na mvua. Ikiwa jumla ni siku kumi na tano, zitengwe siku kumi na tano zinazofuatana. Katika chuo nifundishamo, mwalimu mwanafunzi asiyeandika dakika za kila hatua ya somo hurudishwa akaandike upya. (Hunung'unika sana, kisha huandika.)

Nitaambiwa kwamba majaji ni wachache na kesi ni nyingi. Ni kweli. Lakini jaji anayeonja kesi kumi na tano, kila moja siku moja, hulazimika kusoma maandishi yake upya kila mara; na akihamishwa, mwingine huanza kuyasoma tangu ukurasa wa kwanza. Muda gani umeokolewa hapo? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 50, humpa mshtakiwa haki ya kesi kuanza na kumalizika pasipo kucheleweshwa isivyofaa. Shahidi hakutajwa hapo, ingawa ndiye anayelipa nauli.

Mama mmoja muuza omena wa Homa Bay, ninayefahamiana naye, ameitwa kortini mara tatu, na mara tatu kesi imeahirishwa. Safari ya nne aliniomba nimwandikie barua, kuuliza afunge kibanda chake siku ngapi. Niliiandika. Tulishindwa kujua bahasha tuandike jina la nani, kwa kuwa hatukupata karani ambaye kazi yake ni kujibu swali hilo.