Admini na mishahara yetu: nani kamtuma?

Samahani wadau kwa kimya cha wiki mbili, kazi zilinizidi. Na ni kazi hizo hizo zilizonipandisha hasira za leo.

Kampuni moja hapa Nairobi (siitaji) iliniita kurekebisha ripoti ya bajeti iliyokuwa ikijumlisha vibaya. Kabla sijaketi vizuri, kijana wa IT akanipa akaunti ya admini. Dakika tano baadaye nilikuwa nikitazama mshahara wa kila mtu, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa langoni. Nilihitaji fomula moja tu! Nikamuuliza mhasibu mkuu kama anajua IT wanaona haya yote. "Hao ni watu wetu, tunawaamini."

Jamani, suala si kuaminiana. Edward Snowden aliaminiwa pia. Alikuwa msimamizi wa mifumo kwa mkataba katika NSA, shirika la ujasusi la Marekani, na ni baada ya yeye kuondoka na nyaraka mwaka 2013 ndipo wakubwa wakasema kazi nyeti za maadmini zifanywe na watu wawili. Tena hata admini awe malaika, neno lake la siri likiibwa, mwizi amepata kila kitu.

Utaambiwa admini lazima aone yote ndipo aweze kufanya kazi. Uongo. Kuendesha seva, kugawa ruhusa na kusoma data ni kazi tatu tofauti. TM1, ambayo siku hizi ni Planning Analytics ya IBM, ina vikundi tayari: SecurityAdmin anashughulikia watumiaji na ruhusa, OperationsAdmin anaangalia uendeshaji wa seva, na wote wawili hawaoni takwimu. Lakini ukifika maofisini utakuta kila mtu kawekwa ADMIN kwa sababu ni rahisi. Uvivu tu!

Na hata ukigawa vikundi vizuri, anayeweza kunakili folda ya data kutoka kwa seva ataipeleka kwenye laptopu yake na kuwa admini wa nafsi yake huko. Kwa hiyo data ifichwe kwa usimbaji, na ufunguo ukae kwa watu wa fedha, si IT. Kumbukumbu za nani kafungua nini ziende kwenye seva ambayo admini hawezi kuifuta.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa saa 72 kumwarifu Kamishna data ikivuja kwa namna ya kuwadhuru watu, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5. Bila kumbukumbu hizo, hata kujua kwamba imevuja utajuaje?

Nilimaliza kazi ile, nikawaandikia wafunge akaunti niliyopewa. Leo asubuhi mfumo wao umenitumia tena ripoti ya usiku, kama admini.