Hakuna Aliyevunja Namba Yako

Panda hapa mjini kwetu kutoka Nyabugogo hadi Kimisagara, simama kwenye kibanda chochote cha momo, yaani pesa za kwenye simu, uulize wizi wa kwenye simu unafanyikaje. Utaambiwa bila kusita kwamba wezi wana kompyuta, na kompyuta haishindwi na namba, ipe muda tu. Hata vijana wenye digrii husema hivyo, tena kwa majivuno, kana kwamba kuiamini mashine kupita kiasi ndiyo kusoma kwenyewe.

Ni porojo, na ina madhara.

Ziko namba zinazoishinda kompyuta. Kufuli linalolinda tovuti nyingi huundwa hivi: chukua namba tasa mbili kubwa, zizidishe, tangaza jawabu hadharani. Anayetaka kulivunja sharti apate vigawo vile viwili. Rivest, Shamir na Adleman, waliobuni kufuli hili, waliposhindanisha walimwengu mwaka 1977, walitoa namba ya tarakimu 129 na zawadi ya dola 100. Ilipasuliwa mwaka 1994, baada ya watu wapatao 600 kuunganisha nguvu za kompyuta zao kwa miezi minane.

"Si umeona! Ilivunjwa," atasema mbishi wangu. Nimeona. Februari 2020 watafiti wakapasua ya tarakimu 250, kazi ambayo kiini kimoja cha prosesa kingeifanya kwa miaka 2,700 hivi. Kufuli la kawaida leo lina tarakimu 617. Na anayetegemea bahati ajue kwamba namba tasa za kujaribu ni nyingi mno: idadi yake tu huandikwa kwa tarakimu zaidi ya 300, ilhali atomi zote za ulimwengu tunaouona hukadiriwa kwa namba ya tarakimu 80 hivi.

Wala ukubwa peke yake si kitu. Okota namba yoyote ya tarakimu elfu moja bila kuichagua: uwezekano kwamba ina kigawo tasa kilicho chini ya 100 ni takriban 88 kwa 100, na simu yako itakipata papo hapo. Ngumu ni ile iliyoundwa iwe ngumu. Ikiundwa ovyo, haina kazi. Mwaka 2012 watafiti walikusanya funguo za mamilioni kutoka kwenye intaneti, wakagundua vifaa vingine vilikuwa vimechagua namba tasa ileile. Wakatafuta kigawo kikubwa cha shirika, hesabu ya shule ya msingi, na funguo hizo zikawa wazi. Hapo aliyefanya kosa ni mtengenezaji wa kifaa. Hesabu haikuwa na hatia.

Najua, kuna kompyuta za kwanta. Mwanahisabati Peter Shor alionyesha mwaka 1994 kwamba zingeweza kuifanya kazi hii ya kutafuta vigawo haraka, na hatari hiyo ni ya kweli kiasi kwamba Agosti 2024 Marekani ilitoa viwango vya makufuli ya aina nyingine. Lakini mwizi anayekupigia jioni hana mashine hiyo. Ana sauti ya upole na maneno haya: "Mama, nimekutumia pesa kwa makosa, nirudishie."

Momo yenyewe hata haisimami juu ya vigawo. Inasimama juu ya namba fupi ya siri unayoijua wewe. Sasa tazama foleni pale kibandani: mzee anampa wakala simu yake juu ya meza, kisha anamtajia namba ya siri kwa sauti, watu wanne nyuma yake wakisikia. Ukimwonya, anakujibu kwamba wenye kompyuta wangeipata tu. Imani hiyo ndiyo inayomfanyia mwizi kazi, na ninyi wasomi mnaoieneza ndio mnaomlipia mshahara.

Bado mnabisha? Kuna namba moja ya tarakimu 617, RSA-2048, iliyowekewa zawadi ya dola 200,000 hadi shindano likafungwa mwaka 2007 bila mshindi wa namba hiyo. Zawadi haipo tena, lakini namba iko wazi kwa yeyote. Leteni vigawo vyake.