Lubumbashi: Mzee anayesahau asiachwe na kiu

Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua haijaanza, joto la Lubumbashi hupita nyuzi 30. Katuba, Kenya na Ruashi, kuna wazee wenye ugonjwa wa kusahau wanaoshinda kivulini bila kunywa maji. Si ukaidi: uzee hupunguza kiu, na ugonjwa huwasahaulisha kikombe kilicho mbele yao.

Mwili ukikauka, akili huchanganyikiwa zaidi. Mzee anaropoka, anaanguka, na majirani wanaanza kunong'ona habari za uchawi. Kumbe pengine kinachokosekana ni maji. Akibadilika ghafla, apelekwe kituo cha afya, si kwa mwombezi kwanza.

Kumwuliza kama ana kiu hakutoshi. Ashikishwe kikombe, anywe kidogo kidogo mchana kutwa, ameketi wima asije akapaliwa. Bukari ikimshinda, apewe uji wenye karanga zilizosagwa, sombe laini au samaki aliyetolewa miiba. Asiharakishwe.

Kazi hii isiachiwe binti mmoja. Familia, nyumba za wazee na parokia zipange zamu. Na siku bomba likikauka, maji ya kwanza yawe ya mzee.