Jiajirini Mtandaoni, Kisha Mnauzima!

Makamanda, huku kwetu Kasoli wimbo wa watawala ni ule ule: vijana, jiajirini mtandaoni. Haya, kijana katangaza choroko WhatsApp, mzigo kaupandisha basi la Mwanza. Meseji ya malipo imeingia, kumbe feki! Nani alimfundisha aangalie salio kwanza? Hakuna.

Julai 2021 wakamtwisha tozo za miamala. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, wakazima intaneti nchi nzima: duka lake likafungwa bila kufuli.

Nasema hivi: mgeni wa biashara hii, anza na mzigo ambao hata ukipotea hufilisiki. Lakini kujihadhari hakuwashi intaneti. Tudai mafunzo kila kata, na mtandao usiozimwa!