Lindi si Pori

Imekuwa desturi kwa baadhi ya watumishi wa umma kuuita Mkoa wa Lindi pori. Mwalimu apatapo barua ya uhamisho wa kwenda Liwale au Kilwa, wenzake humpa pole kana kwamba amefiwa. Ni kweli kwamba mkoa huo ni mpana, una zaidi ya kilometa za mraba 66,000, na katika sensa ya 2022 wakazi wake hawakufika milioni 1.2. Lakini uchache wa watu si uchache wa mambo.

Kilwa Kisiwani palikuwa na dola iliyofua sarafu zake yenyewe na kutawala biashara ya dhahabu ya Sofala. Ibn Battuta alifika huko 1331 akausifu mji. Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa vimesalia, na tangu 1981 magofu hayo, pamoja na yale ya Songo Mnara, ni Urithi wa Dunia. Katika Vilima vya Matumbi, mwezi Julai 1905, wakulima waling'oa pamba ya Mjerumani, na vita vya Maji Maji vikaanza.

Vita hivyo vilipokwisha, Mjerumani alirudi kwa jambo jingine. Kati ya 1909 na 1913 mamia ya wananchi walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, na wapagazi wakaibeba kwa mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Mjusi mmoja, mwenye kimo cha zaidi ya meta 13, amesimamishwa Berlin tangu 1937. Watoto wa Ujerumani humtazama pamoja na walimu wao. Wajukuu wa wapagazi je?

Wapo wanaojitetea kwamba njia ni mbaya. Mvua huikata barabara, hilo halikanushiki. Lakini tangu 2003 Daraja la Mkapa limeondoa adha ya kungoja kivuko cha Rufiji. Wapo pia wanaodai kwamba utalii ni kazi ya wageni wenye fedha za kigeni. Hiyo ni kasumba. Kitu hakipati thamani kwa sababu mgeni amekilipia kiingilio.

Mwanafunzi anayehitimu Kilwa Masoko bila kuvuka mlangobahari ule mfupi kwenda kisiwani amenyimwa haki yake, na aliyemnyima si mkoloni. Ni mwalimu aliyeridhika na ubao, na ofisa aliyeona safari ya wanafunzi kuwa anasa. Magofu yasiyojulikana na wenyeji hayana mlinzi. Mawe yake yataanguka, na hakuna atakayeuliza.

Basi anayepangiwa Lindi asipewe pole. Apewe wajibu: aende akaone, kisha awapeleke watoto. Mcheza kwao hutunzwa, lakini asiyekujua kwao atacheza wapi?