Tubadili Kalamu, Tusibadili Mkono

Naomba nafasi katika ukurasa wetu wa Kiswahili niseme neno juu ya jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama, nalo ni taabu ya mwanafunzi aandikaye kwa mkono wa kushoto. Wasomaji wapenzi, nyinyi mliomo darasani na nyinyi mliokwisha kutoka mkaenda makazini, nyote mmekaa benchi moja na mtu wa namna hiyo. Hukisiwa kwamba duniani, katika watu kumi, mmoja hivi ni mtu wa mashoto. Basi darasa la watoto hamsini huenda likawa nao watano, ijapokuwa wawili watatu kati yao wameuficha mkono wao kwa hofu.

Mimi ni mmoja wao. Nimeandika kwa mkono wa kushoto tangu darasa la kwanza mpaka leo, nami ni karani hapa mjini Bujumbura na kazi yangu ni kuandika mchana kutwa. Rai yangu ni fupi: mtoto wa mashoto akichafua daftari, dawa si kumbadili mkono. Dawa ni kumpa kalamu imfaayo, wino ukaukao upesi, na mahali pazuri pa kukaa.

Kwanza yatupasa kuielewa taabu yenyewe. Kirundi, Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza, lugha zote nne tufundishwazo, huandikwa kutoka kushoto kwenda kulia. Mtu wa mkono wa kuume huivuta kalamu yake, na mkono wake hukaa juu ya karatasi tupu, mbali na maneno aliyokwisha kuyaandika. Mtu wa mashoto huisukuma kalamu, na mkono wake huja nyuma ukipita juu ya wino mbichi. Hapo huzuka mambo matatu: maandishi hupakazwa na ubavu wa kiganja ukawa wa buluu, ncha ya kalamu hukwaruza karatasi, maana inasukumwa badala ya kuvutwa, tena mwandishi hayaoni maneno yake, kwa sababu mkono umeyafunika. Ndiyo sababu wengine huukunja mkono kama ndoana, wakaandika kutoka juu ya mstari. Mmeona picha za Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, alipokuwa akitia sahihi sheria za Marekani kati ya mwaka 2009 na 2017. Mkono wake ulikunjwa vivyo hivyo.

Atakayesema kwamba kosa ni la mkono, na aende Buyenzi awatazame watoto wa madrasa wanaojifunza herufi za Kiarabu. Huko mstari waanza kulia kwenda kushoto. Mtoto wa mashoto huivuta kalamu kwa raha na wino wake hubaki safi, bali mwenzake wa mkono wa kuume ndiye aliye katika hatari ya kupakaza. Je, tumepata kusikia mwalimu wa Kiarabu akiwaamuru watoto wote waandike kwa mkono wa kushoto ili daftari ziwe safi? Hata kidogo. Huwafundisha kuweka mkono chini ya mstari, na namna ya kuishika kalamu. Hekima hiyo hiyo ndiyo ninayoiombea upande wa pili.

Siwalaumu wazee wetu. Wengi waliosoma zamani, mji huu ulipokuwa ukiitwa Usumbura, kabla ya kupewa jina la Bujumbura mwaka 1962, walianza kuandika kwa kijiti chenye nibu ya chuma kilichochovywa katika kidau cha wino. Nibu ile ilikuwa imepasuliwa katikati, ikapenda kuvutwa. Ukiisukuma, miguu yake miwili hujichimbia katika karatasi, kisha huruka na kurusha matone. Kwa hiyo mwalimu aliyemhamisha mtoto kwenye mkono wa kuume alikuwa na sababu, hata kama sababu hiyo ilimwumiza mtoto.

Lakini mambo yamebadilika. Mwaka 1938 László Bíró, mtu wa Hungaria, alipata hati ya uvumbuzi wa kalamu yenye kigololi nchani, na mwaka 1950 Marcel Bich akaanza kuuza Ufaransa ile kalamu ya Bic tuijuayo sote, yenye mwili unaopenya nuru. Kigololi hakina mbele wala nyuma. Huviringika ukikivuta na huviringika ukikisukuma. Hata Ufaransa kwenyewe, ambako shule zilikuwa zikishikilia nibu na kidau, kalamu ya kigololi iliruhusiwa darasani mwaka 1965. Basi ile sababu ya zamani imekwisha kufa, lakini desturi iliyozaliwa nayo ingali ikitembea madarasani kama ng'ombe aliyepotewa na mchungaji.

Na desturi hiyo ina gharama. Rafiki yangu mmoja, katika shule ambayo sitaitaja, alilazimishwa kubadili mkono alipokuwa na umri wa miaka tisa. Alijifunza, na mwandiko wake ukawa wa kupendeza, lakini ulikuwa wa polepole mno. Siku ya mtihani mkubwa alikuwa akiyajua majibu yote, na kengele ililia akiwa hajagusa maswali mawili ya mwisho. Karatasi yake ilikuwa safi kabisa, na haikumfaa kitu. Mimi, katika shule nyingine, nilikatwa alama za unadhifu mwaka mzima kwa sababu ya wino uliopakazwa, na neno lililoandikwa pembeni lilikuwa "mchafu". Mtoto akiitwa mchafu kila wiki, mwisho huandika maneno machache, kwani maneno machache huchafuka kidogo. Hapo si daftari tu lililoharibika.

Sasa nije kwenye kalamu zenyewe, maana maneno matupu hayasaidii.

Kwa kazi za kila siku, kalamu ya kigololi ya kawaida yatosha, tena bei yake ni ya chini. Wino wake ni mzito wenye asili ya mafuta, hushika karatasi upesi wala haupakaziki sana. Bic ile ya mwili wa rangi ya chungwa ina kigololi chembamba cha milimita 0.8, na ile inayopenya nuru, iliyo ya kawaida, ina kigololi cha milimita 1. Ncha nyembamba humwaga wino kidogo, basi hukauka mapema. Ncha nene huteleza vizuri zaidi kwa mtu asukumaye. Kama taabu yako ni kupakaza, chukua nyembamba. Kama taabu yako ni kukwaruza, chukua nene. Usiilaze mno kalamu, kwa kuwa ikilala, ukingo wa chuma unaokishika kigololi hugusa karatasi na wino hukatika.

Kalamu za jeli ni nzuri kwa macho, lakini wengi wetu zimetuliza. Wino wake una maji mengi na hukaa mbichi. Ukizipenda, tafuta ya ncha ya milimita 0.5 badala ya 0.7 au 1, na uchague zile zilizotengenezwa makusudi zikauke upesi. Nawe usiamini maneno ya kwenye kasha. Kabla ya kulipa, mwombe mwenye duka kipande cha karatasi, andika jina lako, hesabu moja mpaka tatu, kisha pitisha kidole juu yake. Wino ukiburutika, irudishe kalamu kwa adabu na ujaribu nyingine. Jaribio hili halina gharama, nami nimelifanya katika maduka mengi ya mji huu bila kufukuzwa.

Wapo wapendao kalamu ya kujaza wino. Mtu wa mashoto aweza kuitumia, ila asichukue nibu nyembamba kama sindano, wala iliyokatwa mshazari kwa ajili ya mkono wa kuume. Achukue ya kati, yenye ncha ya mviringo. Wajerumani wa Lamy hutengeneza nibu iliyotiwa alama ya LH kwa watu wetu, na Pelikan wana kalamu ya wanafunzi iitwayo Pelikano, ambayo huuzwa pia kwa namna ya mkono wa kushoto. Kwa wino, Quink ya Parker, iliyoanza kuuzwa mwaka 1931, ilibuniwa hasa ili ikauke upesi. Wino mzito wenye kumetameta uachwe kwa kadi za arusi. Na mwenye kalamu kama hiyo asisahau kwamba kutoka hapa ziwani, kwenye mita 770 na kitu juu ya bahari, mpaka Bugarama kwenye zaidi ya mita 2000, hewa iliyomo ndani ya kalamu hutanuka na kuusukuma wino nje. Aisafirishe ikiwa imejaa kabisa au tupu kabisa, nibu ikitazama juu.

Kalamu ya risasi nayo hutupaka kijivu. Iliyo ngumu, yenye alama ya H, hupakaza kidogo kuliko laini yenye alama ya B.

Tena tukumbuke hali ya mji wetu. Bujumbura iko kando ya Tanganyika. Wakati wa mvua hewa hujaa unyevu, mikono hutoka jasho, na wino huchelewa kukauka. Karatasi yenye kung'aa huuacha wino juu juu, isiyong'aa huunywa. Basi chagua daftari la karatasi isiyong'aa, na uweke kipande cha karatasi ya kukaushia wino chini ya kiganja.

Baada ya kalamu, ni mkao. Daftari liwekwe upande wa kushoto kidogo, na pembe yake ya juu ielekee kulia, yaani kinyume cha wafanyavyo wenzetu. Mkono ukae chini ya mstari, na vidole viishike kalamu mbali na ncha kadiri ya upana wa vidole viwili, ili macho yaone neno linapozaliwa. Na katika benchi la watu watatu, mtu wa mashoto akae mwisho wa upande wa kushoto, kiwiko chake kikiwa njiani, asigombane na kiwiko cha jirani kutwa nzima. Mwalimu hupoteza nusu dakika tu kwa kumhamisha, na amani hupatikana mwaka mzima.

Najua wapo watakaoniambia: "Mwanangu, mkono wa kushoto si wa heshima." Nawajibu kwa unyenyekevu kwamba mimi nala kwa mkono wa kuume, nampa mzee kitu kwa mikono miwili, na namsalimu kama nilivyolelewa. Adabu ya chakula na salamu naishika. Lakini daftari si sahani, wala mtihani wa hesabu si salamu. Mbona uwanjani hatusemi hivyo? Mchezaji wa mguu wa kushoto hutafutwa kwa taa. Messi na Salah hakuna kocha mwenye akili aliyewaambia wapige kwa mguu wa kulia kwa ajili ya heshima. Sijui kwa nini tuushangilie mguu na kuuadhibu mkono.

Basi nina maombi matatu. Kwa walimu wetu: mnapoona wino uliopakazwa, tazameni kwanza ni mkono gani ulioandika, ndipo mkate alama. Kwa wanafunzi wa mashoto: msifiche mkono, fanyeni jaribio la kidole dukani, na jizoezeni mkao mngali wadogo, kwa sababu mkono uliokwisha kukunjika kama ndoana ni kazi kuukunjua. Na kwenu, wazee wa shule hii mlioko Dar es Salaam, Nairobi, Brussels na kwingineko: mnapokuja kututembelea hutuletea vitabu na mipira, nasi twashukuru. Safari ijayo tieni mfukoni kalamu mbili tatu zenye alama ya mkono wa kushoto, mzikabidhi kwa mwalimu wa darasa la chini. Hazina uzito, wala bei yake haitawafilisi, na yuko mtoto pale benchini ambaye anajua majibu yote lakini anaogopa kuyaandika.